Uhamisho Ni wa Nyumba Nzima

Hakuna askari, wa jeshi wala wa polisi, aliyeandikwa kazini kwa ahadi kwamba atakaa mahali pamoja mpaka kustaafu. Siku alipokula kiapo alikubali kwenda Moroto, Arua, Kabale au Kampala kwa kadiri atakavyotakiwa, na juu ya hilo hapana mjadala. Jambo ninalotaka kulizungumza na ndugu zangu wa ulinzi na usalama ni jingine. Ni dogo machoni pa watu wengi, wala halimo katika mafunzo ya kuruta, walakini limevunja nyumba za askari kuliko tunavyopenda kukiri. Nalo ni namna tunavyojitayarisha, au tusivyojitayarisha, kuhamia mji mgeni pamoja na jamaa zetu.

Tumefunzwa wepesi. Askari akiambiwa gari litaondoka saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na nusu amekwisha kusimama kando ya lori, mkoba umefungwa, viatu vimeng'aa, chupa imejaa maji. Hiyo ni sifa, na nchi imefaidika nayo. Kosa letu ni kuichukua sifa hiyo na kuiingiza nyumbani, tukadhani kwamba mke, watoto wanne, kuku, magodoro na madaftari ya shule vyaweza kufungwa kama mkoba wa doria. Mtu anapokea barua ya uhamisho Jumatatu. Anaikunja, anaitia mfukoni, anaizungumza na wenzake kwenye kantini. Mkewe anaipata habari hiyo Alhamisi, tena kwa mke wa jirani, wakiwa kwenye foleni ya bomba. Ukimwuliza bwana huyo, atakujibu kwamba mambo ya kazi hayasemwi nyumbani. Ni kweli kwamba habari za operesheni ni siri, na mwenye kuzitoa anastahili adhabu. Lakini uhamisho wa kawaida kutoka kituo hadi kituo, ambao karani ameuandika, dereva ameusikia na kantini nzima imekwisha kuujadili, una siri gani iliyobaki kufichwa kwa mama watoto peke yake?

Mimi mwenyewe ni mtoto wa laini. Baba yangu alikuwa koplo wa polisi, na kabla sijamaliza shule ya msingi tulikuwa tumekwisha kuhama mara tatu. Katika moja ya kota hizo mama alilima kipande cha ardhi nyuma ya nyumba akapanda muhogo. Ulipokaribia mwaka, umekomaa na kuwa tayari kuchimbwa, gari la kutuhamisha likaja. Tuliondoka asubuhi, na muhogo ukabaki kwa waliokuja nyuma yetu. Miaka mingi baadaye mama aliendelea kuutaja muhogo ule, hata sisi watoto tukawa tunamcheka. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa akiililia mizizi. Serikali hakuilaumu, kwa kuwa alijua ameolewa na nani. Kilichomchoma ni kwamba baba alikaa na barua ile mfukoni kwa muda wa wiki mbili, na wiki mbili zingetosha kuung'oa muhogo wote, kuumenya, kuuanika na kuutia katika magunia. Tungefika mji mgeni tukiwa na chakula chetu. Badala yake tulifika tukinunua unga kwa kilo, katikati ya mwezi, mshahara ukiwa bado mbali.

Kwa hiyo matayarisho ya kwanza hayagharimu hata senti moja. Barua na isomwe nyumbani jioni ile ile iliyopokelewa, mke na mume wakiwa wameketi, na watoto wakubwa wakiwapo. Amri ni ya serikali, lakini mpango wa kuitimiza ni wa nyumba, na mwenye kujua unga umebaki kiasi gani, nani anadaiwa na nani, na mtoto yupi anaumwa, aghalabu si yule aliyeandikiwa barua.

Neno la kwanza la kuulizana jioni hiyo lisiwe bei ya lori. Liwe madarasa ya watoto. Mwaka wa shule katika Uganda una mihula mitatu, nao huanza mwezi wa Februari au karibu yake na kwisha kabla ya Krismasi. Mtoto wa darasa la tano akihamishwa katikati ya muhula atapata taabu, lakini atazoea. Mtoto wa darasa la saba ni habari nyingine kabisa. Huyu huandikishwa mapema katika mwaka kwa ajili ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, naye hupewa namba iliyofungamana na kituo cha shule yake. Mtihani wenyewe kwa kawaida hufanywa mwezi wa Novemba. Baba akihamishwa mwezi wa Agosti kutoka Kampala kwenda Arua, safari ya kilomita karibu 500, akamchukua mtoto huyo pamoja na vitanda, mtihani wa mtoto unabaki Kampala. Itambidi arudishwe Novemba kuufanya pale pale alipoandikishwa, alale kwa watu, baada ya kukaa miezi akifundishwa na walimu wasiojua alikuwa amefikia wapi. Ndivyo ilivyo pia kwa walio katika mwaka wa nne na wa sita wa sekondari. Nimewaona watoto wa askari waliorudia mwaka kwa sababu hiyo tu, wala si kwa uzito wa akili zao, na wengine, hasa wasichana, hawakuurudia. Waliacha.

Mzazi mwenye mtoto wa namna hii na amwache kwa jirani mwema, kwa shangazi, au bwenini, mpaka mtihani wake uishe. Na kama hana pa kumwacha, basi mama abaki naye mpaka Novemba, ijapokuwa kota inatakiwa. Mkuu wa kambi ni mtu na ana watoto. Aombwe ruhusa hiyo mapema, kwa maandishi, wala si siku ambayo mgeni amekwisha kufika mlangoni na magodoro yake.

Wadogo nao wana shida yao ambayo wengi hawaifikirii. Tangu mwaka 2007 mtaala wa madarasa matatu ya kwanza umeagiza kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali alipo, kisha Kiingereza kishike nafasi hiyo kuanzia darasa la nne. Kwa mtoto wa mkulima, aliyezaliwa pale na bibi yake yupo pale, agizo hilo ni jema. Lakini mtoto wa laini aliyeanza kusoma Kiacholi huko Gulu, akajikuta katika darasa la pili huko Mbarara mbele ya kitabu cha Kinyankole, ameanza upya. Ziko shule nyingi za mijini ambazo, kwa kuwa wanafunzi wake ni mchanganyiko, hufundisha Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mzazi aulize kabla ya kumwandikisha. Mara nyingi tunauliza karo na rangi ya sare, na swali hili la lugha tunalisahau mpaka mtoto aanze kukataa kwenda shule.

Na hapa sina budi kusema neno juu ya Kiswahili chenyewe. Kwetu sisi wa kambini hii ni lugha ya nyumbani. Ilikuwa lugha ya askari tangu enzi za King's African Rifles, na kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 imewekwa kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi. Mtoto wa Mlugbara na mtoto wa Mteso hugombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Walakini mke wa askari akitoka kambini, akaingia soko la Kampala na kuuliza bei ya matoke kwa Kiswahili, huenda akaona nyuso zikibadilika. Wako wazee huko wanaokumbuka bado Kiswahili cha vizuizini katika miaka ya 1970, kilichosemwa na mtu mwenye bunduki. Lugha haina kosa, na mama huyu hana kosa, ila kumbukumbu za watu haziamrishwi kama gwaride.

Dawa iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Katika laini hakosekani jirani Mganda, Mwacholi, Mgisu wala Mnyankole. Mke wa askari anayekwenda Kampala na akae jioni na jirani wa Kiganda, ajifunze kusalimu, kuhesabu, kuuliza bei na kuomba njia, na ajifunze pia adabu za salamu, maana katika Buganda salamu ya haraka haraka ni sawa na kutosalimu. Anayekwenda Gulu afanye hivyo kwa jirani wa Kiacholi. Raia anayehama hana mwalimu wa bure mlango wa pili. Sisi tunaye, na hatumtumii.

Tuje kwenye nyumba. Wenye bahati hupewa kota nzuri. Wengine hupewa vile vibanda vidogo ambavyo laini zimeviita mama ingia pole, jina lisilohitaji maelezo. Kabla ya kulipia lori la kubeba kabati na makochi, ni vizuri kumpigia simu mwenzako aliyeko huko, akakupimia chumba kwa hatua, akakuambia mlango una upana gani. Nimepata kuona kochi zuri la sajini mmoja likinyeshewa na mvua muhula mzima chini ya mwembe, kwa sababu halikupita mlangoni na mwenyewe hakutaka kuliuza kwa hasara. Angeliuza kule alikotoka, akaja na fedha.

Asiyepata kota atapanga uraiani, na huko Kampala humtega mgeni. Mji huu ni wa vilima na mabonde, na nyumba za bei nafuu ziko mabondeni. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, mmoja kuanzia Machi hadi Mei na wa pili kuanzia Septemba hadi Novemba. Mtu akitafuta nyumba mwezi wa Januari au wa Julai ataoneshwa chumba kikavu, safi, kilichopakwa rangi upya, huko Bwaise au sehemu nyingine kama hiyo, naye atashangaa jinsi kodi ilivyo ndogo. Asimame nje, autazame ukuta wa jirani. Akiona mstari wa matope uliosimama sawa kimo cha goti, basi amekwisha kujibiwa. Na kama ukuta umepakwa rangi, amwulize muuza mboga wa njiani, asimwulize mwenye nyumba.

Jambo la mkataba nalo lisidharauliwe. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 imetaka mapatano ya kodi yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yawe ya maandishi. Hata kwa chumba cha bei ndogo, askari aandikiane na mwenye nyumba. Wapo kati yetu wanaodhani kwamba sare ndiyo mkataba. Sare haimzuii mwenye nyumba kumsumbua mkeo wakati wewe uko kazini mbali, lakini karatasi yenye sahihi humzuia. Kadhalika mgeni achukue barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa kijiji, yaani LC1, pale anapotoka, akaipeleke kwa mwenyekiti wa pale anapofika. Askari ambaye kila siku anawataka wageni wajitambulishe ataona haya gani kujitambulisha mwenyewe?

Wengi watasema haya yote hayana haja, maana desturi yetu ni moja. Baba hutangulia, jamaa hufuata. Siikatai desturi hiyo. Mara nyingi ndiyo njia ya busara, kwa kuwa mtu mmoja hulala popote, akatafuta nyumba na shule bila watoto kulia nyuma yake. Ubaya wake tunaujua sote, ila hatuutaji. "Nitatangulia" bila tarehe hugeuka miezi sita, kisha mwaka. Mshahara mmoja unalisha majiko mawili. Simu zinapungua. Kule mbele anatokea mtu wa kumpikia na kumfulia, na kule nyuma mama watoto anaambiwa aondoke kwenye kota, kwa kuwa jina la mumewe halimo tena katika orodha ya kituo. Anarudi kijijini na watoto ambao hawajapata kuishi kijijini, wasiojua hata lugha ya babu yao vizuri. Mambo haya hayatokani na ubaya wa moyo siku zote. Hutokana na safari isiyo na siku ya mwisho. Askari anayetangulia aseme tarehe, iandikwe, na mke awe nayo. Ikiwa nyumba haijapatikana siku hiyo, aandike nyingine na aeleze sababu. Tunawaandikia wakubwa taarifa kila juma, basi na mke wa mtu astahili taarifa moja kwa mwezi.

Madeni ya duka la laini yalipwe kabla ya kuondoka, au mtu aseme waziwazi atayalipa lini; juu ya hilo sina maneno mengi, kila mmoja anamjua aliyeondoka usiku.

Afya nayo hubadilika na mji. Jamaa waliokaa Kabale, kule juu kwenye baridi ambako mbu ni wachache, wakipelekwa Gulu au Arua wanakwenda katika nchi ya malaria nyingi, na watoto wao hawana uzoefu nayo kama watoto wa huko. Vyandarua viwe juu kabisa ya mizigo, si chini ya masufuria, maana usiku wa kwanza ndio usiku wa kuvitumia. Kadi za chanjo za watoto zikae katika mkoba wa mama. Na anayezoea misimu miwili ya kusini ajue kwamba kaskazini kiangazi ni kirefu, tangu Desemba hadi mwezi wa Machi. Jamaa wakifika Gulu mwezi wa Desemba wasitegemee mboga za nyuma ya nyumba mpaka mvua zirudi. Wala mtu asidhani kwamba kwa kuwa Gulu, Arua, Mbale, Mbarara na miji mingine ilipandishwa kuwa majiji mwaka 2020, basi atakuta huko kila alichokiacha Kampala. Jina la jiji huja siku moja. Mabomba, shule na nyumba huchukua miaka.

Nimezungumza muda wote kana kwamba askari ni mwanamume na anayefuata ni mke. Ilikuwa hivyo zamani za baba yangu, lakini leo sivyo. Dada zetu wamejaa katika vituo vya polisi na katika vikosi, na akihamishwa mmoja wao, mumewe huenda ni mwalimu, fundi au mwenye duka asiyeweza kufunga mlango na kuondoka. Wanaume wengi huona aibu kumfuata mke. Ninawajua wawili waliofuata, wakaanza biashara zao upya katika mji mgeni, na watoto wao wanakula na baba na mama meza moja. Ninamjua pia mmoja aliyekataa, naye sasa analea watoto peke yake na kulalamika kila Jumapili. Dada askari anapopata barua, mazungumzo ya jioni ya kwanza ni ya lazima maradufu, kwa sababu huenda jawabu likawa kwamba yeye aende peke yake kwa muda na watoto wabaki na baba, na baba huyo atahitaji kujifunza kusuka nywele.

Yamebaki maneno machache kwa wakubwa wetu wanaotia sahihi. Vita havingoji likizo ya shule, wala ujambazi haungoji. Akitakiwa mtu usiku, aende usiku. Lakini hamisho nyingi tunazoziona katika mwaka si za dharura. Ni za kupumzisha, za kupandisha cheo, za kubadilishana tu. Hizi kwa nini zisitolewe mwezi wa Novemba ili watu wasafiri Desemba na Januari, wakati watoto wako nyumbani? Gharama haizidi, kwa kuwa lori ni lile lile na mafuta ni yale yale. Na karani anayepanga orodha akiongeza safu moja tu ya kuonyesha nani ana mtoto wa darasa la mtihani, mkuu ataweza kuamua akiwa na macho mawili. Askari ambaye akili yake iko kwa binti aliyemwacha kilomita 300 nyuma hawezi kuwa mlinzi mzuri wa lindo.

Kabla utaratibu huo haujapatikana, jambo hili liko mikononi mwa mzazi mwenyewe. Aliye na mtoto wa darasa la sita sasa anajua kwamba mtoto huyo ataandikishwa kwa mtihani katika miezi ya mwanzo ya mwaka ujao. Na aende kwa mkuu wake kabla ya Krismasi, asimame sawasawa, apige saluti, amweleze. Akiambiwa kwamba ataondoka, basi amhamishe mtoto Januari, akaandikishwe huko huko aendako pamoja na wenzake. Akiambiwa kwamba hataondoka, aombe neno hilo liandikwe katika jalada lake.